Kangaga Haizai Bila Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinikabidhi boksi la chaki akasema, "Mwalimu, hapa tunafundishia ubaoni. Huko mabondeni hakuna mtihani." Nilikuwa binti kutoka Mbeya, nimepangiwa kufundisha biolojia katika shule ya wasichana nje kidogo ya Sumbawanga. Nikaitikia. Wiki ileile nikawapeleka wanafunzi bondeni.

Kando ya kijito ilijaa kangaga, mmea wenye majani yaliyochanika kama manyoya, usiotoa ua wala mbegu. Niligeuza jani, chini yake palikuwa na vidoa vya kahawia.

"Huo ugonjwa, madam," akasema Leokadia, binti wa mkulima wa Chala. "Kama kutu ya mahindi."

Nikawaeleza kwamba hivyo ni vifuko vya spora, vumbi ambalo kangaga huenea kwalo. Tulilaza jani juu ya karatasi, na lilipomwaga vumbi lake tukalinyunyiza kwenye trei za udongo uliochemshwa ili pasiote kitu kingine. Tukafunika kwa kioo.

Kwa muda mrefu hakikuota kitu, walimu wenzangu wakanicheka. Kisha yakatokea majani madogo yenye umbo la moyo, membamba kama ganda la kitunguu. Kitaalamu huitwa prothalo. Upande wake wa chini hukaa chembe za kiume na yai, na chembe hizo hulifikia yai kwa kuogelea, hata kwenye utando wa umande. Zikikutana, huchipua kangaga yenyewe, imejikunja kama mkia wa kinyonga. Ikikomaa, nayo humwaga spora zake.

Leokadia alipoyasimulia haya nyumbani, baba yake alipanda gari hadi shuleni. Mkuu akaniita ofisini.

"Shikamoo, baba," nikasalimu.

"Marahaba. Mwalimu, nimemleta mtoto asome, wewe unamfundisha mambo ya kuzaana?"

Mkuu akadakia, "Trei zikamwagwe shimoni leo. Na hiyo sehemu ya kuogelea, iruke."

"Nikiiruka, Mkuu, kangaga haizai."

"Unanibishia mbele ya mzazi?"

"Nakubishia, ndiyo."

Nilikwenda kuchukua trei na lenzi nikaviweka mezani pake. Yule baba aliinama, akatazama kwa muda.

"Ndicho hiki tu?"

"Ndicho hicho, baba."

Hakusema amekubali. Alirudi Chala, na binti akabaki shuleni.

Mimi sikubaki. Nilihamishiwa Kirando, ziwani, kwenye joto na harufu ya dagaa. Mkuu wa huko alinionya nisilete ukaidi wangu. Nilipanda korongo linaloshuka kutoka nyanda za juu hadi nilipopata kangaga kwenye ufa wa mwamba wenye maji, nikaanza trei upya. Hiyo sehemu ya kuogelea sikuiruka, hapo wala katika shule zilizofuata.

Nilipostaafu, nilifanyiwa sherehe katika ukumbi wa mtaa wa Majengo, Sumbawanga. Afisa Elimu alinisifu mbele ya watu: mchapakazi, mpole, mtiifu kwa wakuu wake. Nikaomba kipaza sauti.

"Mheshimiwa, nashukuru. Ila hilo la utiifu, naomba ulifute."

Watu walicheka, wakidhani natania. Nilibaki nimesimama, kipaza sauti mkononi, mpaka akalifuta.