Siku Niliyocheka Gerezani

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mara ya kwanza kucheka Birmingham nilikuwa gerezani. Leo nakiri, kwa sababu juzi nilipita karakana moja ya Hockley, nikasikia harufu ya lami ya kamba kuukuu, na mimi, mama mzima mwenye shahada mbili, nikasimama njiani nikinusanusa kama paka mlangoni pa jiko.

Nilikuwa na miaka kumi, miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza inaanza. Mama alikuwa amenitoa Makunduchi, kwa Bibi aliyenilea, akanileta mtaa wa Aston, Birmingham, katika nyumba nyembamba iliyobanana na jirani zake. "Ukiona huwezi kukaa niambie, nitakurejesha," aliniambia. Kila siku nilitaka kurudi. Lakini hebu utazame uso wa Mama anapotoka kazini, kisha ujaribu kumwambia. Nikawa nasema, "Nimeshazoea."

Shule ikatupeleka kuona jela ya zamani, ya enzi za Malkia Viktoria. Kuta zilitoka jasho la baridi. Mwanamume aliyevaa kama askari jela alitueleza kwamba humo walifungwa hata watoto wa rika letu, kwa kuiba mkate, na walikatazwa kusemezana. Kisha akatugawia kazi yao: vipande vya kamba za meli, vigumu kwa lami, tuvifumue kwa kucha mpaka zibaki nyuzi tupu.

Nyuzi zilipoanza kutoka, mikono yangu haikuniuliza. Nyuzi kama hizo, za makumbi ya nazi, nilikuwa nikizisokota na Bibi kibarazani, yeye akinipa umbea wa mtaa mzima. Nikaziweka pajani, nikasokota. Kamba ikarudi kuwa kamba.

"Wewe! Si tumeambiwa tufumue?" alininong'oneza Hibo, mwanafunzi mwenzangu, Msomali aliyekulia Nairobi. "Utatuletea noma na huyu sir!"

Askari akaja, akaikagua kamba yangu, akafoka kwamba mfungwa huyu anaharibu adhabu, aongezewe kifungo. Nikacheka. Nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kukatika.

Jioni Hibo alinifuata hadi nyumbani, na mbele ya Mama hakubakisha kitu. "Anti, alikuwa anacheka, halafu akalia."

"Sikulia," nikasema. "Wala sikucheka."

Mama akaushika mkono wangu, akaunusa harufu ya kamba. Kisha akakwangua kadi ya simu, akampigia Bibi.

"Mama, nataka nikurejeshee mtoto."

Akaniwekea simu sikioni ili nilisikie jibu mwenyewe. Siku ile nililisikia lote, lakini nilishika mwanzo wake tu, nikaubeba moyoni hadi chuo kikuu, nikiamini nimekataliwa. Yaliyofuata niliyaelewa nilipozaa wangu.

Nilimsikia Bibi akivuta pumzi.

"Asije," alisema. "Nikimtia mikononi tena, simtoi."