Shabaha ya Jirani

Koplo wa doria ambaye kituo kizima kilimwita Komando alikuwa na mdomo mkubwa kuliko cheo chake. Ndiyo maana mkuu wa kituo alipoletewa bunduki za mfano, achague aina moja ya kuwapa askari wa doria, alimwita yeye.

Komando aliinua ile fupi, akaishusha kama mtu aliyeokota mwiko. "Hii ya kukorogea uji." Alipofika kwenye ndefu yenye mtutu unaong'aa, alivuta tumbo ndani, akapigwa picha.

"Afande, mhalifu akiiona hii tu, anajisalimisha mwenyewe!"

Mkuu wa kituo, ambaye naye alikuwa ameshapigwa picha yake, akakubali. Hakuna aliyeuliza kama itaenea kwenye gari la doria. Haikuenea. Ilibidi mtutu utokee dirishani, na mvua zilipoanza, askari wakawa wanarudi wameloa upande mmoja.

Kisha yakaja mafunzo. Mkufunzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, aliwalaza kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha. Komando alilala kando ya konstebo wa kike, mpole kiasi kwamba hata akipiga chafya huomba radhi.

Hapo ndipo siri ilipomkaba. Macho ya Komando yalikuwa yamechoka siku nyingi, na aliyejua ni mkewe peke yake, tangu siku alipomkuta akilikaripia koti lililotundikwa mlangoni. Sasa mbele yake aliona vitu vyeupe viwili vikiyumbayumba kama nguo kwenye kamba. Akachagua kimoja. Kitako cha bunduki kilimgonga bega mpaka akasikia kwenye meno, lakini alikaza mpaka risasi zikaisha.

Karatasi zilipoletwa, yake ilikuwa safi kama shuka jipya. Ya konstebo ilikuwa na matundu kumi na tisa.

"Lakini nilipewa risasi kumi, Afande," konstebo alinong'ona.

"Usijidharau!" mkuu wa kituo, aliyekuja kutazama, alishangilia. "Askari wanaozidisha kazi ndio tunaowataka!" Palepale akamfanya msaidizi wa mkufunzi.

Nyumbani, mkewe alimkanda Komando bega kwa kitambaa cha moto.

"Baba Pacha, umepata ngapi?"

"Tisa."

"Tisa kati ya kumi? Hongera!"

"Kwenye karatasi ya jirani."

Mkewe alicheka mpaka kitambaa kikamponyoka. Halafu kicheko kikakatika. "Na siku jirani akiwa si karatasi?"

 Komando aliiwaza barabara anayofanyia doria saa watoto wanapotoka shule.

Kesho yake alikwenda kupima macho. Miwani ilipokuwa tayari, alisimama mbele ya mkufunzi ikiwa puani. "Afande, yale matundu tisa yalikuwa yangu."

"Najua," mkufunzi alisema. "Nilikuwa nakupa nafasi uyafuate mwenyewe. Ungechelewa mpaka Ijumaa, ningekufuata mimi."

Komando alirudia mafunzo chini ya konstebo yule mpole, ambaye uwanjani alikuwa mtu mwingine kabisa. "Lala chini! Tena! Hujabana bega!" Komando alilala, akaamka, akalala. Mara ya tatu alifaulu, kwa alama za kuponea chupuchupu, na zote zilikuwa kwenye karatasi yake. Wenzake wakaanza kumwita Profesa. Hakulipenda jina hilo, lakini aliitika.