Shangazi Alipolijenga Kaburi la Takaungu

Harufu ya matumbawe yanayochomwa ni kali. Huingia puani na kung'ang'ania kooni. Miaka ya themanini, nikiwa msichana wa darasa la nne, nguo zetu zilinuka hivyo mwezi mzima, kwa sababu Shangazi Mwanaisha aliamua kulijenga upya kaburi la mawe lililokuwa uani kwetu Takaungu. Lilikuwa la kale sana, na kuta zake zilikuwa na vishimo vilivyowahi kupachikwa sahani za kaure. Masika yaliangusha ukuta mmoja, na Ami Bakari, kaka yake Shangazi, akaja na mkokoteni kuyachukua mawe akajengee nyumba ya kupangisha.

Shangazi alikuwa akikuna nazi. Aliinuka, akauzuia mkokoteni kwa mikono iliyojaa nazi.

"Mawe haya hayatoki, kaka."

"Aliyezikwa humo humjui hata jina."

"Simjui. Lakini amelala kwetu."

"Nani atalijenga? Wewe mwanamke?"

"Nipe mpaka mwezi uandame. Ukikuta bado limeanguka, yachukue."

Ami alicheka, akauondoa mkokoteni mtupu.

Nikitoka shule na kukuta maji yamekupwa, tulishuka pwani tukaokota matumbawe kwa vikapu. Shangazi aliyachoma juu ya magogo, akapata chokaa, akaichanganya na mchanga, akaanza kupanga mawe. Ukuta ulipofika kifuani pake ukaporomoka wote. Nililia. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa chokaa, nami nikivipaka mafuta ya nazi nikamwambia, "Shangazi, tuache."

"Kesho uje na kikapu kikubwa zaidi," akanijibu.

Safari ya pili alipunguza mchanga, na kila safu akaiacha ikauke kwanza. Mwezi ulipoandama, Ami akarudi. Aliusukuma ukuta kwa mkono, kisha kwa bega. Haukutikisika. Aliomba maji, akanywa, halafu akaichukua ndoo ya chokaa na kupaka kule juu ambako dada yake hakufikia.

Siku hizi ninaishi Kilifi mjini, katika nyumba iliyojengwa na mafundi nikiwa kazini. Simenti inauzwa kila kona, na ukuta husimama kabla hujajua umeanza. Juzi ufa ulitokea sebuleni. Nilimpigia fundi simu, akaniambia nisubiri wiki ijayo. Nilivua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikakoroga simenti mwenyewe.