Kijapani cha Dada

Mashine ya gemu niliinunua Igoma, kwa jamaa anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika: friji, feni, pasi, spika zilizotoboka. Ilikuwa chini ya meza, juu yake limewekwa boksi la nyaya. Ya kijivu, ya kufunua kifuniko na kuweka diski, aina ileile tuliyokuwa nayo nyumbani nikiwa mtoto. Sikwenda kutafuta gemu, nilikwenda kutafuta kompresa. Lakini ndani ya boksi la nyaya mlikuwa na diski chache, na moja ilikuwa na picha niliyoijua: kijana amebeba chungu mgongoni, mzee wa kanzu nyeupe ameshika taa, nyuma yao mlima.

Niliitazama picha ile mpaka jamaa akaniuliza kama nimepata ninachotaka. Kilichonishtua ni maandishi. Diski yetu ya nyumbani ilikuwa ya Kijapani, haikuwa na herufi hata moja ambayo ningeweza kuisoma. Hii ilikuwa ya Kiingereza.

Mashine ya kwetu baba aliachiwa na mhandisi wa Kijapani. Baba alikuwa dereva wake wakati wa ujenzi wa barabara, na mkataba ulipoisha mhandisi akafungasha, akamwachia mashine, diski kadhaa, na transfoma nzito ya kupunguza umeme, maana vyombo vya kwao ukivichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu vinaungua. Diski nyingi zilikuwa za magari na mpira, na hizo hazikuhitaji lugha. Ile ya kijana mwenye chungu ilikuwa ya namna nyingine. Kwenye gemu zile hukimbii na kupiga tu. Unatembea kijiji hadi kijiji, unaongea na kila unayemkuta, vita ikitokea mnapigana kwa zamu, na hadithi inakwenda polepole, kwa maneno. Usipoyaelewa maneno unabaki unazunguka kisima kimoja mchana kutwa.

Mimi nilikuwa na dada. Alinipita umri kiasi cha mimi kuamini kila alichosema, na alisema kwamba mke wa mhandisi alimfundisha kusoma Kijapani, siku zile alipokwenda na baba kambini. Tulikaa mkekani, mimi nikishika pedi ya kuchezea, yeye akiweka kidole kwenye kioo cha TV ya chogo na kunisomea.

"Huyu mzee ni babu yake," aliniambia. "Anasema msiogope, anawaombea."

Kwenye geti la kijiji cha kwanza kulikuwa na mwanamke wa kitambaa cha njano. Kila ukipita anasema maneno yaleyale.

"Anauliza mmeshakula?"

Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Akiniambia chagua la tatu kutoka juu, dawa inatokea. Akisema mlango wa kushoto, unafunguka. Isitoshe, kutafsiri ndiyo ilikuwa kazi yake pale nyumbani.

Baba alikuwa Mhaya, mama ni Msukuma, na mimi nilizaliwa na kukulia Mwanza, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Dada yeye alilelewa Muleba kwa bibi mzaa baba mpaka darasa la nne, akarudi na Kihaya. Bibi alipoanza kupoteza nguvu za miguu, baba akamleta Igoma akae na sisi. Kiswahili cha bibi kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na mimi nikitoka kwenda shule alisema sentensi moja bila kutabasamu.

"Bibi anasema ukasome vizuri," dada aliniambia akinivuta mkono. "Anasema wewe ndiye tegemeo lake."

Nilitembea na sentensi hiyo miaka yote ya shule. Bibi alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na nilimlilia kama mtu niliyemfahamu.

Sasa mimi ni fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha samaki Nyakato. Wiki za zamu ya asubuhi narudi nyumbani alasiri, kabla watoto hawajatoka shule, na huo ndio muda niliotumia kucheza. Transfoma haikuhitajika, hii ilikuwa ya umeme wetu. Muziki wa mwanzo ulipolia, nywele za mikono zilinisimama. Nilikumbuka kila njia, kila daraja, mahali pa kuchimba udongo mwekundu.

Maneno ndiyo yaliyonishangaza. Mzee wa kanzu nyeupe hakuwa babu wa mtu. Alikuwa jasusi wa mfalme. Kila tukilala nyumba ya wageni, yeye anatoka nje na kumwambia mjumbe: wamefika mtoni, kijana hajui kitu bado. Nilicheka peke yangu. Miaka yote ile nilimpa mzee dawa bora na kumweka nyuma asiumie!

Halafu nikapita getini kwa makusudi ili nimsalimie mwanamke wa kitambaa cha njano. Maneno yalitokea sehemu ya chini ya kioo: Msirudi tena hapa.

Hapo sikucheka. Nilitoka, nikarudi, nikambonyeza tena. Msirudi tena hapa. Nilimtazama uso, ule uso mdogo wa vidoti, nikaona kwamba siku zote ulikuwa na hasira. Niliambiwa anauliza kama tumekula, nami nikauona mpole.

Ndipo nilipomkumbuka bibi kwenye kigoda, midomo imekaza, macho yananitazama viatu. Uso wa mtu anayemwita mjukuu wake tegemeo ungekuwa ule?

Baada ya hapo gemu ikawa kazi. Kila nilichokisoma nilikilinganisha na nilichosomewa. Nilianza kuyakumbuka na mengine. Bibi alikuwa akizungumza kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono, hata kufumba macho, kisha dada ananigeukia na kusema: "Anasema chakula kitachelewa." Hotuba yote ile kwa ajili ya chakula?

Mke wangu alinikuta nimeacha pedi sakafuni nimetazama ukuta.

"Hivi wewe unacheza gemu au unafanya upelelezi?"

Nilimweleza. Alisikiliza, akaniambia dada yangu alikuwa mtoto, na watoto hutunga. Nikamwambia mtoto anayetunga ya kwenye TV atashindwaje kutunga ya mlangoni? Akasema, "Usiende kugombana na watu kwa ajili ya marehemu."

Kazini tuna mhasibu mama wa Kihaya, mwenyeji wa Bukoba. Wakati wa chai nilimfuata nikamwomba anisikilize nijaribu kutamka kitu. Sentensi ya bibi nilikuwa naikumbuka kama wimbo usio na maneno, vipande tu. Nikaisema. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Fundi, Kihaya chako kimeingia maji. Sema tena."

Nikasema tena. Safari hii hakucheka.

"Nasikia mama. Na nyumba, nafikiri. Mengine umeyavunja. Nani alikwambia maneno hayo?"

"Bibi yangu. Kuna neno shule hapo? Au kusoma?"

Alitikisa kichwa. "Kusoma hapana."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kisesa. Dada anaishi pale, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na tangu baba afariki mama anakaa naye. Nilikuwa nimebeba mashine kwenye begi. Nikasema nimeleta zawadi ya zamani, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumtazama uso akicheza. Nilimsalimia mama, aliyekuwa uani akichambua mchicha, akaitikia marahaba na kuniambia nimekonda. Nikaunganisha nyaya.

Dada alipoona kijana na chungu chake alipiga kelele za furaha. Alisogeza cherehani, akakaa chini, akashika pedi mwenyewe. Hakutetereka hata kidogo alipoona Kiingereza. Nilisubiri mpaka afike getini.

"Dada, yule mama anasemaje?"

Alisoma. "Anasema msirudi tena hapa. Ana roho mbaya huyu!"

"Wewe uliniambia anauliza kama tumekula."

"Mimi?" Akageuka, akaniona usoni, akaacha kucheka. "Sasa ningejuaje? Nilikuwa najua Kijapani mimi?"

"Uliniambia unajua."

"Nilikuwa mtoto. Nilibonyezabonyeza ukiwa shule, nikashika kwa kichwa wapi pana dawa, wapi pana mlango. Mengine nilitunga. Ulikuwa unafurahi."

Alisema bila aibu yoyote, na hilo liliniudhi zaidi. Nikamuuliza lile nililolijia.

"Na bibi? Pale mlangoni, kila asubuhi. Alikuwa anasema nini?"

Dada aliweka pedi sakafuni. Alichukua suruali ya mteja akaanza kung'oa nyuzi ambazo hazikuhitaji kung'olewa.

"Alikuwa anakuambia ukasome."

"Usinidanganye tena. Nimeuliza mtu. Kuna neno mama na kuna neno nyumba. Shule haimo."

Aling'oa uzi mmoja zaidi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa uani, "Alikuwa anasema, kila asubuhi sura ya mama yake inatoka kwenye nyumba ya mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kulisikia, lakini lilinichoma. Bibi hakumtaka mama, hilo nilikuja kulijua ukubwani. Sikujua kwamba alikuwa akinitazama mimi anamwona mama.

"Ningekwambia hivyo?" dada aliuliza. "Mtoto mdogo, begi limekuzidi, unaniangalia mdomo ukingojea tafsiri? Ningekwambia hivyo kweli?"

"Ungenyamaza."

"Ulikuwa hukubali ninyamaze. Kila kitu, anasemaje, anasemaje."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema alidanganya pande zote mbili. Mimi mbele ya bibi nilikuwa kimya kama mgeni, kwa hiyo alimwambia bibi mambo kwa jina langu. Anauliza ndizi za kwenu zinapikwaje. Anataka kujua babu alikuwa mtu wa namna gani. Anasema miguu yako ikipona umpeleke Muleba. Bibi akaanza kunijibu, ndiyo zile hotuba ndefu.

"Alikuwa ananisimulia babu?"

"Babu, shamba la kahawa, mafuriko, kila kitu."

"Na wewe ukaniambia chakula kitachelewa."

"Nilichoka! Nilikuwa mtoto na mimi. Anaongea tangu mchana mpaka vyombo vinakauka." Alifuta uso kwa ile suruali. "Lakini alibadilika. Ile ya mlangoni aliiacha. Baadaye akawa anasema, mtoto wa mwanangu, nenda urudi salama. Mimi nikaendelea kukwambia yaleyale ya kusoma na tegemeo, ndiyo maana hukujua."

"Ningesikia sentensi imebadilika."

"Hukuwa unamsikiliza yeye. Ulikuwa unanisikiliza mimi."

Nilimtazama. Lile la nenda urudi salama lilikuwa neno zuri, zuri kupita kiasi, limetokea kwenye mdomo uleule ulionipa babu wa kanzu nyeupe. Nikamwambia wazi: simwamini. Nikamwambia ananishonea tena, kama zamani. Hakukasirika. Alisema tu kwamba bibi hayupo, baba hayupo, na kama sitaki kuamini hana la kunifanya.

"Niulize mimi," sauti ikasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sinia la mchicha mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Mama, wewe hujui Kihaya," nikasema.

"Nani alikwambia?" Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka sinia magotini. "Nimeolewa kwao, nimemwogesha yule mama mpaka siku anafariki, nisisikie lugha yake? Sikisemi tu. Nilikuwa nasikia neno kwa neno."

Dada alikuwa ameacha mdomo wazi. Hata yeye hakujua.

"Jikoni kwangu kila asubuhi nilikuwa nasikia sentensi mbili," mama akaendelea. "Ya bibi yenu, halafu ya huyu. Siku ya kwanza nilitaka kutoka na mwiko. Niliposikia alichokwambia huyu, nikarudi nikakoroga uji."

"Kwa hiyo ni kweli bibi alibadilika?"

"Kwako alibadilika. Huyu hakudanganyi. Ile ya nenda urudi salama niliisikia kwa masikio yangu, siku nyingi tu." Alichukua tawi la mchicha, akavunja shina. "Kwangu hakubadilika."

Muziki wa kijijini ulikuwa ukiendelea kulia kwenye TV, uleule mfupi unaojirudia, mpaka dada akanyoosha mkono akapunguza sauti. Nilimuuliza mama bibi alikuwa akimwambia nini yeye, wakati anamwogesha, wakati anamlisha. Aliniambia hayo yalikuwa yake na yule mama, na yanamtosha. Kisha akamuuliza dada kama mafuta ya kupikia yapo.

Nilishinda pale mpaka jioni. Tulikula, tukacheza kidogo, mzee wa kanzu akatusaliti kwa mara ya kwanza mbele ya macho yetu na dada akamtukana. Mama alitutazama kutoka kwenye kiti kile, akacheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Mashine niliiacha kwao.

Lakini siku zile dada alikuwa kwenye vyumba vilevile na mama na bibi, na Kihaya ndiyo lugha aliyoianza. Alichosikia mama, na yeye alikisikia. Tangu siku ile nimemuuliza mara kadhaa, kwa simu, na ana kwa ana mama akiwa kanisani, bibi alikuwa akimwambia mama maneno gani. Ananijibu upesi, kabla sijamaliza swali, kwamba yalikuwa maneno ya kizee tu na amekwisha kuyasahau. Simwamini.