Saa Saba ya Nani

Redio ile niliipata Fairfax, kwenye maegesho ya magari ambako wazee wapenda redio hukutana kuuziana vyuma vya ujana wao. Muuzaji alivaa kofia ya manyoya na alitaja bei akitazama pembeni, dalili nzuri. Akasema ina taa za kioo kumi na saba ndani. Nikafungua kifuniko, nikahesabu kumi na sita. Nikahesabu tena.

"Mama, umeshanunua redio ngapi maishani?"

"Hii ikiwa na taa zote, moja."

Akacheka, akatoa ya kumi na saba mfukoni mwa koti, na kwa aibu akaniongezea kitufe cha kugongea. Niliondoka nimebeba uzito wa mbuzi.

Kuhesabu mara mbili si uchoyo, nilifundishwa kazini. Kabla ya kuja kutunza wazee wa Marekani nilikuwa karani wa simu za maandishi Tabora, na simu ya maandishi hulipiwa kwa neno. Ukikosea neno moja, mkuu wa zamu anakutazama mpaka ulione mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga herufi kwa milio mifupi na mirefu. Ndiyo maana nilipokwenda Annandale kufanya mtihani wa leseni ya redio, milio ilikuja polepole hata nikadhani mashine yao inaumwa. Waya wa antena niliutoa dirishani mpaka kwenye mti, nikautundikia kanga moja ili mwenye nyumba aone ni kamba ya nguo. Mji wetu wa Bladensburg mzima ulijua kuna Mwafrika anayeanika kanga kwenye theluji.

Mwezi wa kwanza ikaja barua ya mkuu wangu wa zamu, kujibu yangu ya kumpa jina langu la hewani, lile la kwenye leseni. Naye alikuwa na leseni, na kituo kidogo nyumbani. Alikuwa anastaafu na kuhamia shambani, kusiko na umeme. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu usiku, nitakuwa hewani," aliandika. "Nusu saa tu, kisha ni zamu ya mtaa wetu kukatiwa umeme. Jumatatu nahama. Tukipishana, ndiyo basi."

Huku Marekani tuko nyuma yao kwa saa nane. Tatu, toa nane: saba. Nikahesabu tena: saba. Nikaandika 7 kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji.

Jumamosi hiyo theluji ilianguka tangu alfajiri. Saa sita mchana niliwasha redio bila sababu ya maana, kwa kuwa saba yangu ya jioni ilikuwa bado mbali. Nilitaka tu kuziona taa zikiiva: kwanza wekundu hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu, halafu rangi ya chungwa. Harufu ya vumbi la moto ikapanda. Nikaweka kikombe cha chai juu ya bati lake, maana hapo chai haipoi, nikawa nazungusha kinundu taratibu na kusikiliza mataifa yakisalimiana. Sikuwa na haja na kitu kingine duniani.

Mume wangu, ambaye ni Mkenya wa bara, akaingia kutoka kuondoa theluji kwenye gari.

"Mama watoto, hii saba hapa kwa friji ni ya nini?"

"Ya Tabora. Jioni."

"Mzee mwenyewe alisema saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Tatu yetu ama tatu ya Wazungu?"

Nikaibandua ile karatasi.

"Ai! Na nyinyi Wabongo ndio wenye Kiswahili," akasema akivua buti. "Leo mimi ndiye nakusomea saa?"

Hesabu ilikuwa sahihi, mara zote mbili. Kosa lilikuwa la saa. Miaka sita ya kupiga kadi kazini ilinifanya niisome tatu ya mkuu wangu kama Mmarekani, saa tisa za usiku wa manane, na saba nikaipeleka jioni. Yeye aliandika kama mtu mwenye akili zake. Saa tatu usiku kwao ni saa saba mchana kwetu. Nikatazama ukutani: mshale mfupi kwenye moja, mrefu umeshaipita kumi na mbili.

Redio baridi hutangatanga nusu saa kabla ya kutulia. Yangu ilikuwa imeiva.

Nikaenda kwenye masafa aliyoyataja baruani. Mvumo, mvumo, halafu mlio mwembamba unaoliita jina langu la hewani, na kila mlio mrefu wa mwisho ukiburutwa kama kandambili. Mkono wake. Nikaitika.

UMECHELEWA DAKIKA NNE, akagonga.

TATU.

NNE. SAA YANGU NI YA OFISI.

TATU NA NUSU.

SAWA.

"Anasema nini?" mume wangu akauliza.

"Tunasalimiana."

Tukaongea magoti yake, mahindi yake, wanangu wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza. Akauliza theluji ina uzito gani. Nikamwambia aliyeshika koleo ndiye ajuaye. Kalamu yangu ilikuwa inaandika yenyewe, kama zamani. Saa saba na nusu mlio ukakatika: KWAHERI MWANANG

Neno lisilokamilika halihesabiwi. Hiyo ndiyo kanuni, na ni yeye aliyenifundisha. Nikahesabu maneno yake yote mara mbili, na mara zote mbili nikalihesabu.