Simu Juu ya Dagaa

Tii-tii. Mlio ule wa meseji hunirudia kila ninaponusa dagaa wakikauka. Baba alikuwa amevuka ziwa kwenda Kongo, na kwa siku tatu hatukujua kama amefika. Meseji ikaingia, lakini mama alikuwa ameisahau simu juani, juu ya dagaa. Kioo kilikuwa cheusi kitupu.

“Imekufa,” mama alisema, akajilaza mkekani.

Jirani yetu, fundi simu, alicheka. “Herufi zinatokana na majimaji ya ndani ya kioo, yanazuia mwanga. Yamechoshwa na jua kama wewe, dada. Yaache yapoe.”

Mama akasinzia. Nikaiegemeza simu kwenye mtungi wa maji. Weusi ukafifia taratibu, zikabaki nukta ndogo zilizoshikana kuwa maneno: “Nimefika salama.”

Sikumwamsha. Nilienda kugeuza dagaa peke yangu.