Kiua cha Saba

Siku ile siisahau, mwanangu. Nimesimamishwa ghalani Rusayl, nje ya Maskati, nyuma ya mstari wa njano, natazama kofia zangu za watoto zikitiwa kwenye mashine ya kukatakata. Kofia za viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Miezi minane ya macho yangu ilitoka upande wa pili kama machicha ya nazi. Kisha nikapewa karatasi nitie kidole kuwa nimeshuhudia.

Nilizishona kwa ajili ya Idi. Kwenye kila moja nilitoboa chombo cha angani cha ile filamu ya maroboti iliyowatia wazimu watoto wa Maskati. Zamani watu wakichapa picha zake kwenye fulana wapendavyo. Halafu wenye filamu wakaweka mawakala: vikombe na rukhsa yake, mabegi na rukhsa yake, mpaka vazi la kichwa. Sikubisha. Cha mtu ni cha mtu.

Nikamwendea Nassor, mtoto wa ami yangu, aliyesoma. Akanambia, "Da Zuwena, wewe shona tu, karatasi niachie mimi." Akachukua kofia moja ampelekee Mahfudh, wakala wa rukhsa, aikague. Baada ya wiki mbili akasema imekubaliwa. Nikaona haya kumwambia nionyeshe hiyo rukhsa. Kumbe haikuwepo, na kofia zangu zikakamatwa, zikapelekwa ghalani kukatwakatwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo nliishona mwenyewe.

Idi ya mwaka wa pili nikazikuta dukani. Chombo kile kile, kazi ya mashine, na kibandiko cha rukhsa kinang'ara. Nikapindua pindo la ndani.

Nilipokuwa kigori nilimpa jirani kofia niliyoishona, akaitembeza mtaani akisema kazi yake. Nikaenda kulia kwa mama. Hakunihurumia hata kidogo. "Mjinga wewe. Kazi isiyo na alama ni ya atakayeiwahi." Tangu hapo kila kofia yangu, ndani ya pindo, kiua cha saba kutoka kwenye mshono nakitoboa na sikitii uzi.

Za dukani nilizipindua zote. Cha saba kilikuwa kitundu kitupu.

Nikenda ofisini kwa Mahfudh na kofia mkononi. Akacheka. "Mama, hapa tunasoma karatasi, hatusomi sindano." Nassor alikaa ubavuni mwake anakunywa kahawa, hakuniinulia uso.

Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa, na aliyeunda ana jina. Omba karatasi, hata kwa ndugu yako wa damu. Mpe mtu mwengine akusomee. Haya yangu ya dakika moja nnailipia mpaka leo. Mola akupe macho ya kusoma nisiyopewa mimi, na akulindie mikono yako.

Na nyinyi, Nassor na Mahfudh, kofia moja katika zangu ilisalimika, nnayo. Nijibuni mbele ya watu: mashine yenu nani aliifundisha kuruka kiua cha saba?